Caspar David Friedrich: mchoraji aliyefuta meli akauacha mwanga useme

Picha nyingi za bahari zilizochorwa Ulaya zamani zina jambo linalotendeka ndani yake. Meli inapigana na mawimbi, wavuvi wanavuta nyavu, au mizinga inafyatuliwa vitani. Lakini mwaka 1810, watu wa mji wa Berlin waliokwenda kwenye maonyesho ya picha walikuta moja ambayo haikuwa na lolote kati ya hayo. Chini kulikuwa na ukanda wa mchanga mweupe. Nyuma yake bahari nzito, karibu nyeusi. Juu yake mbingu, na mbingu hiyo ndiyo iliyochukua sehemu kubwa ya picha yote. Ufukweni alisimama mtu mmoja mdogo sana, amevaa joho refu, ametupa mgongo. Basi, hakuna kingine.

Aliyeichora aliitwa Caspar David Friedrich, na picha hiyo inaitwa Mtawa Kando ya Bahari. Leo Wajerumani wanamhesabu miongoni mwa wachoraji wao wakubwa kabisa, lakini alipokufa alikuwa na hali duni na watu walikuwa wameanza kumsahau. Katika makala haya tunakueleza, msikilizaji wetu, maisha ya mtu huyu na namna alivyotumia mwanga wa pwani ya kwao kuchora huzuni na matumaini.

Mtoto wa mtengeneza mishumaa

Friedrich alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774 katika mji mdogo wa bandari uitwao Greifswald, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki. Leo mji huo uko kaskazini mwa Ujerumani, ila wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Uswidi. Baba yake, Adolf Gottlieb, alikuwa fundi wa kutengeneza sabuni na mishumaa. Alikuwa Mlutheri mwenye msimamo mkali wa dini, na nyumba yake ilikuwa na watoto 10. Caspar David alikuwa wa sita.

Msiba uliingia mapema katika nyumba ile. Mwaka 1781, Caspar akiwa na miaka 6, mama yake alifariki. Mwaka uliofuata akafa dada yake mmoja. Kisha likaja lile lililomwandama maisha yake yote. Desemba 1787, akiwa na miaka 13, alikuwa na mdogo wake Johann Christoffer pale maji yaliyoganda yalipopasuka chini yao. Mdogo wake alizama na kufa. Inasimuliwa kwamba Caspar ndiye aliyetumbukia kwanza, na mdogo wake akafa katika kumwokoa. Miaka minne baadaye, mwaka 1791, dada mwingine, Maria, naye akafa kwa maradhi.

Ni vizuri kuyajua haya kabla ya kuzitazama picha zake. Watu wengi huona ukungu, mwezi na makaburi katika kazi zake, wakadhani alikuwa akitafuta tu mandhari ya kuvutia. Kumbe kwa mtoto yule wa Greifswald, maji na baridi havikuwa pambo. Vilikuwa vimemchukulia ndugu yake mbele ya macho yake.

Jua la kaskazini halizami kama la kwetu

Ili kuuelewa mwanga wa Friedrich, kwanza tuelewe jambo moja la maumbile. Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea jua linaloshuka karibu wima. Linapozama, giza haliko mbali. Ndani ya takriban nusu saa umeshahitaji taa.

Kule Greifswald sivyo. Mji huo uko mbali sana kaskazini mwa ikweta, na jua la huko hushuka kwa mshazari, kama mtu anayeteremka mlima kwa njia ya kuzunguka. Ndiyo maana utusitusi wake ni mrefu. Mwezi Juni mchana hufikia takriban saa 17, na hata usiku wa manane anga la upande wa kaskazini linaweza kubaki na weupe hafifu. Mwezi Desemba mambo hugeuka: mchana ni wa saa 7 na dakika chache tu, na jua lenyewe linapita chini chini, halipandi utosini.

Kwa hiyo mtu aliyekulia kule ana muda mrefu wa kutazama mchana ukigeuka usiku. Anaona manjano ikififia kuwa waridi, waridi kuwa zambarau, zambarau kuwa kijivu. Ukiongeza ukungu unaotoka baharini, unapata mwanga ambao hauna chanzo dhahiri, mwanga unaoonekana kutoka kila upande. Huu ndio Friedrich aliofanya kazi nao maisha yake yote. Ni mara chache sana utakuta mchana wa jua kali katika picha zake. Alipenda alfajiri, magharibi, mbalamwezi na ukungu: zile saa ambazo hujui kama mwanga unakuja au unaondoka.

Mhubiri wa ufukweni

Akiwa kijana wa miaka kama 16, Friedrich alianza kujifunza kuchora kwa mwalimu wa chuo kikuu cha mji wake, Johann Gottfried Quistorp, ambaye aliwatoa wanafunzi wake nje wakachore vitu walivyoviona kwa macho.

Karibu na Greifswald kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Rügen, chenye miamba mirefu ya chaki nyeupe inayoangukia baharini. Huko kulikuwa na mchungaji na mshairi, Ludwig Gotthard Kosegarten. Katika msimu wa samaki aina ya heringi, wavuvi wa kijiji cha Vitt hawakuweza kuondoka pwani kwenda kanisani, kwa sababu kundi la samaki likipita halisubiri. Kosegarten akawafuata ufukweni, akawahubiria hapo hapo, bahari ikiwa mbele yao. Friedrich alifahamiana naye, na mchungaji huyo alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kununua kazi zake. Wazo kwamba ufukwe na mbingu vinaweza kuwa mahali pa ibada, Friedrich alilikuta nyumbani kabla hajalichora.

Mwaka 1794 alivuka bahari kwenda Copenhagen, Denmark, akasoma katika chuo cha sanaa hadi 1798. Kisha akahamia Dresden, mji ulio bara, mbali na pwani. Huko ndiko alikoishi hadi kufa. Lakini kila baada ya muda alirudi kwao na kutembea Rügen kwa miguu, kitabu cha kuchorea mkononi.

Chumba kitupu chenye dirisha moja

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa ya pekee. Nje alichora kwa penseli tu: mti huu, jiwe hili, nanga ile, kila kimoja kwa usahihi mkubwa. Picha za rangi hakuzichora ufukweni. Alizichora Dresden, ndani ya chumba chake, wakati mwingine miaka mingi baada ya kuchora kwa penseli, akiunganisha jiwe la mahali hapa na mti wa mahali pale.

Chumba chenyewe tunakijua kwa sababu rafiki yake, Georg Friedrich Kersting, alimchora akiwa kazini. Ni chumba kitupu, ukuta mtupu, kiti, meza ndogo na kibao cha rangi. Dirisha limezibwa upande wa chini, ili mwanga uingie kwa juu tu. Mtu aliyesifika kwa kuchora anga alifanya kazi mahali ambapo hakuona ila kipande kidogo cha anga.

Rangi zake alizipaka kwa tabaka nyembamba sana zinazopitisha mwanga, moja juu ya nyingine, na kila moja ikiachwa ikauke kwanza. Mwanga unapogonga picha hupenya tabaka hizo, hugonga weupe ulio chini, na kurudi machoni kwa mtazamaji. Ndiyo maana anga lake linaonekana kama linawaka kwa ndani. Ukitafuta alama za brashi, mara nyingi huzioni.

Jina lake lilianza kusikika mwaka 1805, aliposhinda sehemu ya zawadi katika mashindano ya mji wa Weimar yaliyosimamiwa na mshairi mkubwa Goethe. Washindani walipewa mada ya hadithi za kale za Wagiriki, yeye akapeleka mandhari ya kwao, na bado akapewa tuzo. Mwishoni mwa 1808 alionyesha picha ya msalaba juu ya mlima, kati ya miti, jua likizama nyuma yake, ikiwa na fremu ya kuwekwa madhabahuni. Mkosoaji mmoja, Ramdohr, aliishambulia gazetini. Kwake mlima na miti havikuwa na haki ya kukaa mahali pa picha takatifu. Marafiki wa Friedrich walimjibu, mabishano yakapamba moto, na kufikia mwisho wake kila mpenda sanaa alikuwa amelisikia jina la Friedrich.

Meli zilizofutwa

Sasa turudi kwa yule mtawa. Friedrich aliifanyia kazi picha hiyo tangu 1808 hadi 1810, na aliibadilisha tena na tena. Wataalamu wa siku hizi, kwa kutumia vifaa vinavyoona chini ya rangi, wamegundua kwamba mwanzoni alikuwa ameweka vyombo vya matanga baharini. Kisha akaviondoa.

Fikiria maana ya uamuzi huo. Meli katika picha humpa mtazamaji pa kushika. Utajiuliza inatoka wapi, inakwenda wapi, itafika? Ukiiondoa, jicho halina pa kutua. Linatoka kwenye mchanga, linavuka bahari nyeusi, linafika kwenye ukungu, halafu linapanda angani. Hapo juu ndipo mwanga ulipo, buluu hafifu juu ya kijivu kizito. Ni asubuhi inafika au ni jioni inaondoka? Picha haikuambii. Unabaki na yule mtu mdogo, na kwa kuwa hakuonyeshi uso, unajikuta umesimama mahali pake.

Mwaka huo wa 1810 haukuwa mwepesi kwa watu wa Berlin. Nchi yao, Prussia, ilikuwa imeshindwa vitani na Napoleon wa Ufaransa. Malkia wao, Luise, alikuwa amefariki Julai. Miezi michache baadaye ndipo picha hii ilipotundikwa. Waliokuja kuitazama walitofautiana. Mwandishi Heinrich von Kleist alichapisha gazetini mwake makala juu ya upweke wa ajabu ulioko ndani yake. Aliyeitaka picha hiyo zaidi alikuwa mwana wa mfalme, kijana wa miaka 15, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amempoteza mama yake. Alimsihi baba yake, na mfalme akainunua pamoja na picha iliyofanywa iwe mwenza wake, inayoonyesha magofu ya nyumba ya watawa katikati ya mialoni. Mwaka huo huo chuo cha sanaa cha Berlin kilimpokea Friedrich kuwa mwanachama.

Picha zinapata watu

Mwaka 1816 chuo cha sanaa cha Dresden nacho kilimpa uanachama na posho ya mwaka. Akiwa sasa na uhakika wa riziki, Januari 1818 alimwoa Caroline Bommer. Alikuwa na miaka 43, mkewe miaka 24. Kiangazi hicho alimpeleka kwao Greifswald na Rügen, akamwonyesha bahari ya utotoni mwake. Baadaye wakapata watoto watatu: Emma, Agnes na Gustav Adolf.

Baada ya safari hiyo picha zake zilibadilika. Katika picha ya miamba ya chaki ya Rügen kuna mwanamke mwenye gauni jekundu na wanaume wawili, na kati ya miamba myeupe bahari inang'aa kwa buluu na waridi. Mwaka 1822 alichora Mwezi Ukichomoza Baharini, kwa ajili ya mfanyabiashara wa Berlin, Joachim Heinrich Wilhelm Wagener. Wanawake wawili na mwanamume mmoja wameketi juu ya jiwe kubwa. Mbele yao mwezi unatokea nyuma ya wingu, na maji yote yamekuwa ya zambarau na dhahabu. Meli mbili zinarudi. Mtu yule yule aliyezifuta meli miaka 12 iliyopita sasa anazirudisha, na zinakuja nyumbani. Bahari ni ile ile na giza ni lile lile, ila sasa kuna watu wanaosubiri pamoja.

Barafu ambayo haikupata mnunuzi

Heri hiyo haikudumu. Mwaka 1820 rafiki yake mkubwa, mchoraji Gerhard von Kügelgen, aliuawa na mnyang'anyi. Friedrich, ambaye tangu zamani alikuwa na vipindi vya huzuni nzito, alizidi kujifungia.

Katika kipindi cha baridi cha 1820 na 1821, mto Elbe unaopita Dresden uliganda. Friedrich akachora vipande vya barafu vilivyokuwa vikisukumana mtoni. Kutokana na vipande hivyo alitengeneza Bahari ya Barafu, aliyoimaliza 1824: mabamba makubwa ya barafu yamerundikana kama kaburi, na pembeni, karibu usiione, meli imepondwa. Juu yake anga ni buluu safi na tulivu, kana kwamba halikuona kitu. Mtu anayekumbuka Desemba ya 1787 hawezi kuitazama picha hii bila kumfikiria mtoto aliyezama. Watu wa wakati wake walishindwa kuielewa. Friedrich alipokufa, picha hiyo ilikuwa bado haijauzwa. Leo iko katika makumbusho ya Hamburg, na ni moja ya kazi zake zinazojulikana zaidi.

Mwaka huo wa 1824 nafasi ya mwalimu wa kuchora mandhari ilibaki wazi pale Dresden. Wengi wangetarajia apewe yeye. Alipewa cheo cha profesa, lakini darasa hakupewa. Ladha ya watu ilikuwa inabadilika. Walitaka mandhari zenye jua na furaha, na ukungu wake ukaanza kuonekana wa kizamani. Waliomsaidia walikuwa wachache, akiwemo mchoraji wa Norway, Johan Christian Dahl, aliyeishi naye nyumba moja, na mshairi wa Urusi, Vasily Zhukovsky, aliyewashawishi watu wa ukoo wa mfalme wa nchi yake wanunue picha.

Pwani ya mwisho

Karibu mwaka 1835 alichora picha inayojulikana kama Ngazi za Maisha. Ni ufukwe wa karibu na Greifswald, wakati wa magharibi. Mzee mwenye fimbo ametupa mgongo, anatembea kuelekea watu wa ukoo wake, na watoto wawili wanacheza na kibendera cha Uswidi. Baharini kuna vyombo vitano, na ufukweni watu watano. Chombo kimoja kiko karibu kabisa na nchi kavu, vingine viko mbali. Wengi humwona yule mzee kuwa Friedrich mwenyewe, na watoto kuwa ni wake.

Juni 1835 alipatwa na kiharusi. Tangu hapo mkono haukumtii tena kama zamani, na rangi za mafuta zikawa kazi ngumu mno. Alijikaza akachora ufukwe mmoja wa mwisho chini ya mbalamwezi, picha nzito na ya giza, na mstari mwembamba wa mwanga juu ya maji. Baadaye alibaki na michoro ya karatasi. Alifariki Dresden tarehe 7 Mei 1840, akiwa na miaka 65.

Mwanga uliokuwa umefichwa

Kwa zaidi ya miaka 60 jina lake lilikaa pembeni. Lilirudi kwa nguvu mwaka 1906, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Wajerumani mjini Berlin, ambako picha zake nyingi zilitundikwa pamoja. Lakini si zote zilizosalimika. Mwaka 1931 moto uliteketeza jumba la maonyesho mjini Munich, na picha zake 9 zikaungua. Mwaka 2024, miaka 250 tangu azaliwe, miji ya Hamburg, Berlin na Dresden iliandaa maonyesho makubwa kwa heshima yake.

Yule mtawa naye alipata bahati yake. Kadiri miaka ilivyopita, vanishi iliyopakwa juu ya picha ilikuwa imegeuka rangi ya udongo, na watu wakadhani giza lile lote ni la Friedrich. Mafundi wa makumbusho ya Berlin waliisafisha picha hiyo kwa miaka kadhaa, na mwanzoni mwa 2016 ikarudishwa ukutani. Bahari ilikuwa bado nyeusi, na mtu yule bado peke yake. Lakini angani palionekana buluu na weupe ambavyo vizazi kadhaa havikuviona. Mchana ulikuwapo siku zote, ila ulikuwa umefunikwa.

Picha hizi zote unaweza kuzitafuta kwa simu yako ukiandika jina la Caspar David Friedrich. Ukiifungua ile ya mtawa, ongeza mwanga wa skrini na uipe muda, kwa sababu kwa haraka utaona kijivu tu. Anza chini kwenye mchanga, panda polepole hadi juu, kisha amua mwenyewe kama pale kuna kucha au kunakuchwa.